Ndege, basi, simu au mzee wa mtaa: tuwafunze vipi vijana muziki Lamu bila kuchoma mafuta mengi?

Swali lilitoka kwa binti wa miaka 15. Tulikuwa barazani, mtaa wa Langoni, tukimngojea mwalimu wa udi, ile ala ya nyuzi, aliyekuwa akija kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi. Ndege ilikwisha kutua kisiwa cha pili, Manda, boti haijafika. "Mwalimu," akaniambia, "tulipokuwa wadogo mlitutoa njiani tukapinge makaa ya mawe. Na ndege hini aijayo nayo yeye, yanwa nini?"

Yaani ndege nayo inakunywa nini. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilicheka nusu. Watu wa Lamu tulilizoea neno hewa ukaa, ile hewa ya moshi inayoipasha dunia joto, kwa ajili ya kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilichopangwa kujengwa Kwasasi, mpaka baraza la rufaa za mazingira likaifuta leseni yake Juni 2019. Mtoto uliyemfunga kitambaa cha maandamano kichwani akiwa darasa la tatu leo akikuuliza habari ya tiketi ya mwalimu wake, huna pa kukimbilia.

Usiku ule nikashika daftari. Nayaandika haya kwa yeyote mwenye darasa la muziki la vijana pwani hii, awe wa shule, wa madrasa au wa kikundi cha mtaa, na mfuko wake unatosha nauli au bando, si vyote viwili. Nimezipanga njia zote tulizowahi kuzijaribu na moja tuliyoisahau. Kikundi chetu kina vijana 12: wanne wa udi, watano wa ngoma na matari, mmoja wa fidla, wawili wa kinanda cha umeme ambacho vitufe vitatu havilii.

Mafuta kwanza

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Ya petroli kama 2.3. Kilo moja ya mafuta ya ndege hutoa kilo 3 na kitu. (Vijana waliniuliza inawezekanaje moshi uwe mzito kuliko mafuta yenyewe. Kaboni iliyomo ndani ya mafuta inapoungua hujitwalia oksijeni ya hewani, na uzito mwingi ni wa hiyo oksijeni.)

Kutoka Mombasa hadi gati ya Mokowe, kupitia Malindi, Garsen na Witu, ni kilomita 340 hivi. Nikikadiria basi kubwa linakunywa lita 32 kwa kila kilomita 100 na limebeba abiria 45, fungu la mtu mmoja ni kilo 6 na nusu. Kwenda na kurudi 13. Tia boti ya Mokowe, fanya 14. Ndege kutoka Nairobi hadi Manda hukata kama kilomita 460 angani, na kwa ndege ndogo za njia hii nimepata kati ya kilo 60 na 80 kwa abiria kwa kwenda tu, kutegemea aina ya ndege na viti vilivyo vitupu. Nimeandika 140 kwenda na kurudi.

Kwa video nimetumia makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati: gramu 36 kwa saa moja ya kutazama, wastani wa dunia wa mwaka 2019. Humo mna kifaa cha mtazamaji, mtandao na kompyuta kubwa za upande wa pili. Simu hula umeme kidogo sana kuliko runinga, lakini mtandao wa simu hula zaidi kuliko waya wa nyumbani, kwa hiyo nimeiacha 36 ilivyo. Na umeme wetu si kama zamani: Lamu ilikuwa ikiishi kwa jenereta za dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na gridi hiyo sehemu yake kubwa mno ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua.

Kwa mwaka mmoja, vijana 12, wiki 40 za masomo, daftari lilisema hivi:

| Njia | Hewa ukaa |
|---|---|
| Mwalimu kwa ndege kutoka Nairobi, mara 10 | kilo 1,400 |
| Vijana wote na mlezi mmoja kwa basi hadi Mombasa, likizo tatu | kilo 546 |
| Mwalimu kwa basi kutoka Mombasa, mara 20 | kilo 280 |
| Video, kila mmoja na simu yake, saa 2 kwa wiki | kama kilo 35 |
| Video, wote mbele ya kioo kimoja, saa 2 kwa wiki | kama kilo 3 |
| Mzee wa mtaa wa pili | miguu yake |

Safari moja ya mwalimu wa ndege ni sawa na miaka minne ya kikundi kizima kutazama video, kila mtu na simu yake. Hapo binti alikuwa ameshanishinda.

Huenda umewahi kusikia kwamba video nazo zinaichoma dunia. Mwaka 2019 zilienea habari kuwa nusu saa ya kutazama hutoa kilo 1.6, sawa na gari kwenda zaidi ya kilomita 6. Hesabu ile ilikuwa na kosa la kuchanganya biti na baiti, vipimo viwili vya data, ambazo moja ni mara nane ya nyingine, na walioitoa walikuja kuisahihisha. Mpaka leo wako wanaoirudia, hata kwenye semina zenye chai na sambusa.

Na usijisumbue sana kushusha ubora wa picha ukidhani unaokoa hewa. Mitambo ya mtandao huwa imewashwa wakati wote, utazame usitazame, na picha hafifu haiipunguzii kazi kiasi cha kuonekana. Inachookoa ni bando: saa moja ya picha ya 360 ni kama MB 300, ya 720 hupita GB moja. Kwa mzazi wa Kashmiri au Bombay, mitaa ya hapa kwetu, hiyo ni sababu tosha, haihitaji kusaidiwa na mazingira.

Simu mpya huvunja hesabu yote

Kikundi kimoja tunachokijua kiliandika ombi la ufadhili: tableti mpya kwa kila mwanafunzi, "ili kupunguza safari." Nilisoma nikatikisa kichwa. Simu janja moja, tangu kuchimbwa madini yake hadi kukufikia mkononi na kutumiwa, hubeba kama kilo 50 hadi 70 za hewa ukaa, na sehemu kubwa ni ya kiwandani, kabla hujaiwasha. Chukua 60, zidisha kwa 12: kilo 720. Mwalimu wa basi angekuja kwa zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya kufikia hapo.

Kwa hiyo ile kilo 35 ya video ni kweli ikiwa simu ziko tayari mikononi kwa shughuli nyingine. Kwetu zilikuwepo saba kati ya vijana 12, mbili zimepasuka vioo. Tukaamua saba zinatosha. Tumetumia pia kompyuta ya zamani ya mtu iliyokuwa ikikusanya vumbi, na spika ndogo ya harusi.

Pale video inapompita mwalimu

Niseme ukweli, nilikuwa mkaidi. Nililelewa kwenye imani kwamba muziki ni mkono kwa mkono. Lakini nimeona mambo mawili yaliyonifunga mdomo.

La kwanza ni subira. Mwalimu wa kuja na kuondoka ana saa mbili, wanafunzi wanne wa udi, na boti inamngoja. Atakuonyesha kipande mara tatu, mara ya nne sauti yake inabadilika. Video haichoki. Unaipunguza kasi hadi nusu na sauti haishuki, unairudisha pale pale kwenye zile sekunde sita zinazokutatiza, mara hamsini, usiku, mama amelala, sikio limeziba kwa waya. Kijana wetu wa fidla aliupata mkono wa upinde kwa njia hii, peke yake, wiki tatu, na hakuna mwalimu wa fidla anayekaa Lamu kwa kadiri nijuavyo mimi.

La pili ni mabinti, na hili natamani lingeandikwa kwa wino mkubwa. Somo letu la jioni huanza baada ya Isha kwa sababu vijana wa kiume wanatoka kazini, wengine baharini, wengine kwa watalii Shela. Binti hawezi kukaa nasi mpaka saa nne usiku, na si kila baba ataridhika mwanawe akafundishwe na mwanamume mgeni hata mchana. Kabla ya video tulikuwa na binti mmoja. Sasa wako wanne. Wawili wanajifunza kinanda nyumbani, wakija Jumamosi asubuhi wanakuja wameshajua. Safari ya ndege haikuwahi kuwafikia hao, maana mwalimu alifika mjini lakini hakufika uani kwao.

Pale inapoteleza

Ukiandika "udi" kwenye sehemu ya kutafuta, utaletewa manukato. Tulicheka siku ya kwanza: chetezo, mafuta, mabibi arusi wakifukizwa. Video za kujifunza udi kwa Kiswahili ni haba. Zilizo nzuri ni za Kiarabu, Kiingereza na Kituruki. Lugha si kizuizi kikubwa, vidole havina lugha, ila kila nchi ina tabia yake. Kijana mmoja alimfuata mpigaji wa Kituruki mwezi mzima. Udi wa Kituruki kwa kawaida hukazwa juu kuliko wa Kiarabu, toni nzima. Yeye naye akakaza, akakaza, mpaka uzi ukakatika ukamchapa shavu. Uzi mwingine ulitoka Mombasa kwa basi, kwa hiyo weka hata hiyo kwenye hesabu.

Tatizo kubwa zaidi ni sikio. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati, zina sauti ambazo kinanda hakina, zimeketi katikati ya kitufe na kitufe. Shingo la udi halina vyuma vya kugawa sauti kama la gita, kidole ndicho kinachoitafuta mahali pake. Video inaweza kukuonyesha kidole kilipowekwa. Haiwezi kukwambia chako kimepita unywele mmoja. Spika ya simu yenyewe haina tumbo la kuitoa sauti ile sawasawa. Vijana wetu walikuwa wanapiga Bayati iliyonyooka kama wimbo wa shule, na wakiamini ndivyo, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Risha nayo, kile kijiti cha kupigia nyuzi. Aliyejifunza kwa kutazama huishika kama kipande cha plastiki cha gita, kwa ncha za vidole, kifundo kimekakamaa. Kwenye video mkono wa mpigaji umefunikwa nusu na udi wenyewe, na picha nyingine zimegeuzwa kama kioo, kulia kumekuwa kushoto. Mwalimu akiwepo hulitengeneza kosa hili kwa kukugusa kifundo mara moja. Asipokuwepo, linakaa miezi sita likawa tabia, na tabia ya mkono huitoi kwa maneno.

Ngoma na matari ni hadithi nyingine kabisa. Huwezi kujifunza tari peke yako chumbani, au tuseme unaweza kujifunza kulipiga na usijue kulipiga. Aliyekaa kwenye safu ya maulidi pale msikiti wa Riyadha anaelewa ninachosema: mwili wa jirani yako wa kulia ndio unaokwambia lini, pumzi ya safu nzima inapanda pamoja, na kuna anayeanza na wasioanza. Adabu hiyo ni nusu ya somo, na kamera huwa inamwangalia mpigaji mmoja.

Simu ya video ya ana kwa ana: nilidhani ndiyo dawa

Hewa yake si tofauti sana na video ya kawaida. Mwalimu yuko kwake, mwanafunzi yuko kwake, anamwona na kumsahihisha. Tulifurahi.

Somo la kwanza la ngoma ya dumbak, mwalimu akiwa Mombasa, kijana alipiga dakika nzima kwa bidii mpaka jasho. Mwalimu akasema, "Haya mwanangu, anza." Hakuwa amesikia kitu. Programu hizi zimetengenezwa kwa mazungumzo ya watu, zinaona mlio wa ngoma ni kelele za nje na kuziziba. Baadhi zina mahali pa kuzima huko kuchuja. Kaitafute kwenye mipangilio kabla hujalaumu mtandao. Lakini hata ukiizima, huwezi kupiga pamoja na mwalimu. Wanamuziki huanza kupotezana sauti ikichelewa kama sehemu 30 kati ya 1,000 za sekunde, na simu ya video huchelewa mara kadhaa zaidi ya hapo. Mnaweza kupokezana tu: piga wewe, nipige mimi. Kwa udi inakubalika. Kwa ngoma ni mateso.

Kilichotusaidia kuliko hicho ni kitu kidogo ambacho sikukitegemea. Mwanafunzi anajirekodi dakika moja, anamtumia mwalimu kwa WhatsApp, mwalimu anajibu kwa sauti wakati wake akinywa chai: "Sikiliza, mwishoni unakimbia. Nani anakufukuza?" Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata MB moja. Hakuna anayemngojea mwenzake, na mwanafunzi anaisikiliza karipio lile mara anazotaka. Utamu wa sauti ya udi hupotea humo, mapigo hayapotei. Kwa mapigo, natoa kura yangu hapa.

Basi, na safari moja ndefu

Mwalimu wa basi ana kilo 280 kwa mwaka akija mara mbili kwa mwezi. Ukimwita mara nne tu kwa mwaka, ni kilo 56. Kilichotuponza zamani kilikuwa wingi wa safari, na safari nyingi zilikuwa za kufundisha mambo ambayo video ingefundisha: jina la kila uzi, namna ya kukaa, kipande cha kwanza. Mwalimu anasafiri saa saba, na wakati mwingine anangojea msafara wa polisi njiani, aje kumwambia mtoto uzi huu unaitwaje.

Kwa kipimo hicho hicho, safari ndefu ya mara moja si dhambi kama inavyodhaniwa. Tuna kijana mmoja ambaye mkono wake umetupita sote. Yeye video hazimtoshi, wala mwalimu wa mara nne. Kule Mji Mkongwe, Unguja, kuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kinachofundisha taarabu na ala zake. Kwa basi kupitia Lunga Lunga, Tanga na Dar es Salaam, kisha meli, nimekisia kilo 40 hadi 50 kwenda na kurudi. Akikaa huko miezi mitatu na kurudi kuwafunza wenzake, ni theluthi ya tiketi moja ya ndege tuliyokuwa tukiikata kila mwezi bila kufikiri. Wa namna hii mpeleke. Ila usiwapeleke 12 kwa sababu picha zitapendeza kwenye ripoti.

Mzee wa mtaa wa pili

Nimemweka mwisho kwa sababu ndivyo tulivyomfanya.

Lamu hii ndiyo iliyomzaa Zein l'Abdin, mpigaji udi mashuhuri wa taarabu. Kabla udi haujaenea, waliokuwepo walipiga kinanda cha zamani, kile cha nyuzi chache kilichofunikwa ngozi. Kuna siwa mbili, zile baragumu za zamani, ambazo watalii hupiga nazo picha kila siku. Na sisi tulikuwa tunamkatia mtu tiketi ya ndege, ilhali vichochoro viwili kutoka barazani petu anakaa mzee aliyepiga udi kwenye harusi za mji huu kwa miaka mingi, na ambaye sikuwahi kumwuliza hata mara moja. Sababu niliyojipa ni kwamba hana cheti. Sababu ya kweli ni kwamba mfadhili hulipa nauli kwa urahisi, lakini hana safu ya kumlipa mtu asiyesafiri.

Nilimwendea na binti yule. Tukamwamkia, tukaketi. Akasikiliza Bayati ya kijana wetu kwenye simu, akafumba macho. "Huyu kafunzwa na nani?" Tukamwambia, na video. "Kafunzwa vyema vidole," akasema. "Sikio hajafunzwa." Akautwaa udi wa binti, akaitafuta sauti ile moja, akaiacha ilie, akairudia chini kidogo, kisha mahali pake. Kazi ya kama sekunde kumi. Binti akaipata mara ya tatu.

Hewa ukaa ya somo lile ilikuwa ya makaa ya jiko la kahawa.

Mzee naye ana mapungufu yake, nisimpambe. Hana mpango wa somo. Akianza kipande huenda akamalizia na kisa cha harusi ya mwaka fulani Pate, na saa imekwisha. Hataki kurudia mara hamsini, na si haki kumtaka. Fidla hajui, kinanda hakipendi. Afya yake ni ya kupanda na kushuka. Lakini alicho nacho hakimo kwenye mtandao wowote, na kikiondoka hakuna bando la kukirudisha.

Kuna na akina bibi. Vugo, zile pembe zigongwazo kwa vijiti kwenye harusi, zina mafundi wake, ni wanawake, na shughuli zao nyingine hazimhusu mwanamume seuze kamera. Hapa video si suala la hewa wala la bando. Ukimrekodi bibi kwenye shughuli ya wanawake ukatupia mtandaoni, umemvunjia heshima na umefunga mlango kwa mabinti wote watakaokuja nyuma yako. Mabinti wetu wameambiwa: simu zinabaki nyumbani, mkajifunze kwa macho na masikio.

Kama uko Malindi

Hesabu inageuka. Mombasa ni kilomita 120 tu, matatu iliyojaa haimtozi abiria zaidi ya kilo 5 kwenda na kurudi, na mwalimu akija mara 20 kwa mwaka ni kilo 100. Wapigaji wa kinanda na gita wako hapo hapo, kwenye hoteli, mchana hawana kazi. Ukitaka chivoti, ile filimbi, au ngoma ya mwanzele, nenda upande wa bara kidogo kwa Wagiriama, usikae kwenye kioo. Malindi, video ningeiweka iwe ya mazoezi ya nyumbani tu, na fedha za bando ningezilipa kwa mwalimu wa karibu. Nilipomweleza rafiki yangu wa kule haya, alisema wao shida yao ni waalimu wa karibu kutolipwa kwa wakati. Hiyo si kazi ya hesabu yangu.

Tulichochagua sisi

Ndege tumeiacha. Mwalimu wa Nairobi hakuchukia. Ndiye sasa anayejibu jumbe za sauti, tunamlipa kwa ujumbe. Video zinapakuliwa mara moja na mtu mmoja, usiku bando likiwa rahisi, kisha zinasambazwa kwa flashi na blututhi, kwa hiyo kila moja inavuka bahari mara moja hata ikitazamwa mara mia. Kazi yake ni vidole, mwendo wa polepole na marudio. Jumapili asubuhi, mzee: sikio na risha. Mwalimu wa basi mara nne kwa mwaka, kwa fidla na kinanda, na hafundishi kitu kipya siku hiyo, anasahihisha tu. Ngoma na matari hazina video kabisa. Vijana wanakwenda kukaa kwenye safu kama walivyokaa baba zao.

Kwa kukadiria, hewa yote ya mwaka haitafika kilo 100, kutoka zile 1,400. Fedha iliyobaki ya tiketi, sehemu yake ni ya mzee, kila mwezi, kwa bahasha. Mara ya kwanza aliikataa. Mara ya pili mkewe aliipokea.

Jambo moja bado tunalijadili. Vijana wanataka kutengeneza video zao, mzee akifundisha kwa Kiamu, ili wa Faza, Matondoni na Kizingitini nao wajifunze bila kupanda boti. Mzee amekubali, kwa masharti. Zisipandishwe mtandaoni maadamu yu hai, ziende kwa flashi kwa wanaojulikana. Na wakati wa somo simu isishikwe na mtu, iwekwe dirishani, kwa sababu mwenye kushika simu hapigi udi.

Tumejaribu juzi. Dirisha lake ni jembamba, simu ilianguka mara mbili, mara ya pili ikaangukia jamvi la kahawa. Fundi seremala wa Mkomani anatutengenezea kibao cha kuiegemeza.